Sikio la Nyumba ya Chini

Dada yangu ana masikio madogo, madogo kabisa, ya kitoto, na bado kazini kwetu wote walimwita Sikio. Mgeni akiuliza sababu, alijibiwa na yeye mwenyewe kabla sisi hatujafungua midomo: "Kwa sababu moja tu ndilo linalofanya kazi. Hili jingine ni pambo." Uongo mtupu. Yote mawili yalifanya kazi kuliko ya watu sita. Alikuwa akisikia bomba linalovuja ndani ya ukuta kabla mimi, fundi bomba, sijaona hata unyevu, na jambo hilo limeniudhi tangu tukiwa watoto.

Namwandika kwa sababu katika ukoo wetu anasemwa. Wanasema ana roho ngumu. Wanasema siku mama yetu alipofariki aliendelea na kazi kana kwamba aliyekufa ni kuku wa jirani. Mimi ndiye niliyefaidika na huo wanaouita ugumu wa roho, na kwa miaka mitatu nimekaa kwenye vikao vya familia nikiangalia vidole vyangu. Ni uoga, sina jina jingine la kuupa.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kulikuwa na wataalamu waliotaka kujua kama binadamu anaweza kuishi kwenye sakafu ya bahari. Si kuzamia na kurudi, la. Kuishi: kulala, kupika, kugombana, kukata kucha. Wakajenga nyumba ya chuma, vyumba vinne na ukumbi, wakaishusha mita mia moja na themanini, wakaweka watu ndani yake kwa siku sitini. Sisi tuliiita Nyumba ya Chini. Walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa choo. Kundi la kwanza lilipokuwa kule, choo kiligoma siku ya tisa, na wasomi watano wakabaki wanatazamana. Ndipo ilipoonekana kwamba kundi la pili linahitaji mtu wa kuzibua. Mtu huyo nikawa mimi.

Dada alikuwa ameajiriwa kabla yangu, kama mpokea simu wa kawaida, kwenye kituo kilichokuwa kando ya gati. Kilichomfanya awe Sikio ni hewa. Kwenye kina kile hewa hii tunayovuta inalevya, kwa hiyo watu wa chini walivuta mchanganyiko wenye gesi nyepesi, ileile inayojazwa kwenye maputo ya watoto, nayo inaharibu sauti. Mtu mzima mwenye ndevu zake anaongea kama bata aliyekanyagwa. Kulikuwa na kisanduku cha kunyoosha sauti, lakini kilimeza nusu ya maneno. Mtu akiomba suruali, analetewa sukari. Dada alikaa na kisanduku hicho wiki mbili, kisha akakizima, akasema kinampigia kelele. Tangu siku hiyo alisikiliza bata kwa masikio yake na hakukosea hata neno.

Meza ile ilikuwa na sheria zake. "Funga" na "fungua" yalipigwa marufuku, kwa sababu kwa sauti ile huwezi kuyatofautisha, na bomba likifunguliwa badala ya kufungwa watu wanakufa. Tulisema "ziba" na "achia". Kila ujumbe ulijibiwa "Nimepokea", hata salamu. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba mtu wa mezani hasemi "anasema" wala "mwambie". Anasema "mimi". Ukimpa ujumbe, anakuwa wewe. Mke wa mmoja wa wasomi alipopiga simu, dada alimwambia bila hata kutabasamu, "Nimekukumbuka mpenzi wangu, na mito ya huku ni migumu kama matofali." Kisha akabonyeza kitufe akamwambia msomi kule chini, "Mito si kitu, mume wangu, hapa kitanda kizima ni changu." Mkuu wa zamu alitoka nje akacheka hadi akashika ukuta. Dada mwenyewe alibaki na uso wa karani. Ukimpa ugomvi aliufikisha na ukali wake, ukimpa mapenzi aliyafikisha na haya zake, na hakuongeza chumvi wala kupunguza.

Mazoea hayo alirudi nayo nyumbani. Mama akimwambia ateremshe sufuria, anajibu, "Nimepokea." Mama anamtupia kitambaa cha vyombo: "Hebu niondolee hiyo pokea yako, mimi si mashine!"

Mama hakuwa na neno na kazi ya dada. Kushuka kwangu ndiko alikokataa. Hakulia wala hakupiga kelele; alikuwa na hoja moja na aliirudia kila siku nikila: "Mtu akae mahali ambapo mama yake akisikia anaumwa, anafika."

"Mama, ni mita mia na themanini tu," nilimwambia. "Sokoni ni mbali zaidi."

"Sokoni naenda na kurudi kabla chai haijapoa. Wewe mwenyewe umesema kutoka huko ni siku sita."

Nilikuwa nimemwambia hivyo kwa kujigamba. Mwili ukishakaa chini kwa muda unajaa ile gesi, na ukitaka kurudi lazima uitoe polepole, siku baada ya siku. Ukitolewa haraka damu inafoka kama soda iliyotikiswa. Nilidhani nampa mama habari ya kushangaza. Yeye aliihesabu tu kama mama anavyohesabu.

Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, na siku ya kuondoka nilimwendea nikiwa na begi begani, kwamba akiniona tayari nimejifunga atalegea. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Nenda," akasema. "Ila radhi yangu huna." Maisha yangu yote aliniita babaangu. Siku hiyo hakuniita jina lolote. Dada alinisindikiza mpaka gati akinitania kuhusu choo, ili nisiongelee mengine.

Nitasema kweli: kule chini nilifurahi. Nguo hazikukauka, chakula hakikuwa na ladha, na kila asubuhi nilinyoa ndevu huku samaki mmoja mwenye sura ya mkaguzi akinitazama dirishani. Lakini pampu zilinitii na wasomi walinisikiliza. Kila nilipoinua simu, alikuwepo dada. "Mama hajambo," alikuwa akisema. Nikiuliza kama ameniulizia, alijibu, "Ameuliza kama kuna baridi." Hilo nililishika kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Siku ya arobaini na moja hakunisalimu. "Mama ameanguka," alisema. "Upande wa kulia haufanyi kazi. Daktari amempa siku chache."

"Nimepokea," nikajibu. Ndivyo tulivyozoea. Kisha nikakaa sakafuni.

Kunipandisha hakukuchukua hata saa nzima, na hilo ndilo watu hawalielewi. Uliletwa mtungi wa chuma wa kubebea watu, nikaingia, nikavutwa juu hadi gatini, mtungi ukaunganishwa na tangi kubwa lililolala ubavu ndani ya banda la kituo, nikahamia humo bila mgandamizo kupungua hata kidogo. Nilikuwa nimeshafika. Kwenye kidirisha cha duara niliona mipira ya maji iliyoviringishwa, kiti cha mlinzi, kalenda, na meza ya dada, hatua kumi kutoka kwangu. Nyumbani kwa mama ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Na bado nilikuwa na siku sita.

Nilimsihi daktari wa kituo. Nilimwambia nitaweka sahihi kwamba nikifa ni kwa kutaka kwangu. Alikuja akaweka uso wake kidirishani ili nimwone midomo. "Nikikufungulia leo," alisema, "utamtangulia mama yako, na mazishi yatakuwa mawili." Nilimtukana. Alinivumilia. Kumleta mama bandani nako hakukuwezekana. Hata kugeuzwa kitandani aligeuzwa na watu wawili.

Jioni hiyo dada alikwenda nyumbani kumuuguza mama, asubuhi akarudi zamu macho yamemvimba. Wenzetu watano walikuwa bado chini, na mwenzake wa zamu bado alitegemea kile kisanduku. Saa tatu na kitu simu ya mjini ikalia. Nilimwona akisikiliza, akasimama, akachukua mkoba wake, akauvaa begani. Kisha akaja mezani akabonyeza kitufe changu, huku ananitazama kupitia kidirisha.

"Mama mdogo, aliye naye kitandani, ananiita haraka. Hali imebadilika," aliniambia. "Nikikimbia namkuta. Lakini nikiondoka hapa hakuna wa kukusikia. Niende, au uongee naye?"

Aliniuliza mimi. Angeweza kuamua mwenyewe, ni mkubwa wangu kwa miaka saba, lakini aliniuliza.

"Niongee," nikasema.

Hakusita. Alivua mkoba akautundika kwenye kiti, akakaa, simu ya mjini sikio la kushoto, yangu sikio la kulia, mgongo kwangu. Mimi nilisikia tu yale aliyoyasema kitufe kikiwa kimebonyezwa. Kwanza aliisogeza simu ya mjini kwenye spika yangu, mama anisikie mwenyewe. Nilipiga kelele, "Mama! Mama, ni mimi!" Kitufe kikabofya.

"Bata gani huyo mmeniwekea?" dada akasema, na ilikuwa kauli ya mama kabisa, hata ile pumzi ya kuchoshwa. Nilicheka huku machozi yananitoka. Baada ya hapo dada akachukua nafasi yake katikati.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Huko kuna baridi?"

"Nimeshatoka huko. Niko hapa juu, niko karibu kabisa."

"Sasa mbona huji?"

Nilimweleza kuhusu mlango wa tangi. Nilieleza vibaya, nikaanza upya, nikamwambia najua alikuwa na haki, nikamwambia nilichotaka si kingine ila radhi yake. Dada alinong'ona yote hayo kwenye simu ya kushoto, naona kichwa chake kinavyoyumba kidogo kidogo. Kisha kikatulia. Akainua mkono wake bila kugeuka. "Subiri," akasema kwangu.

Nilisubiri. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Niliona kichwa chake kikiinamia simu ya mjini, kwa muda wa neno moja, neno fupi. Nikadhani laini imekatika, nikaanza kugonga chuma kwa kiganja. Kitufe kikabofya.

"Babaangu," akasema.

Nilipiga magoti mle ndani, nafasi yenyewe haitoshi, goti likagonga bomba. "Babaangu, radhi yangu unayo. Unayo yote. Sikukunyima hata siku moja, nilikuwa na hasira tu. Hasira za kukuogopea."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Ulipotoka mlangoni nilikuwa nimeshakusamehe."

"Unaumwa wapi?"

Hapo alichelewa. Sauti ilikuwa imepungua, nikafikiri mama anachoka. "Siumwi popote sasa," alisema.

"Nisubiri, mama. Siku tano tu."

"Usijitie haraka. Mfuate daktari anavyokwambia. Usiwasumbue wakufungulie kabla ya siku zake, umesikia? Nataka utoke mzima."

"Nimesikia."

"Na dada yako usimkorofishe. Sasa acha nipumzike, babaangu. Nimechoka."

Akaziweka simu zote mbili chini. Tangu nihamie kwenye tangi alikuwa akigeuka baada ya kila mazungumzo na kunifanyia uso wa kuchekesha, hata nikiwa nimenuna. Siku hiyo hakugeuka. Alivuta daftari la zamu akaandika. Wa chini wakapiga, kitu fulani kuhusu taa, akawajibu. Akaendelea hivyo hadi saa nane, zamu ilipokwisha, ndipo akaja kidirishani akaniambia mama ametutoka. Macho makavu. Nililia kama mtoto, yeye amesimama palepale, na mimi, Mungu anisamehe, ndani ya kilio hicho nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimewahi. Mama alizikwa kesho yake nikiwa ndani ya tangi, na hata hilo nililivumilia, kwa sababu radhi nilikuwa nayo.

Nilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mama. Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa anakunja nguo za marehemu na kuzipanga kitandani. Alinikumbatia, tukalia, na machozi hayajakauka akaanza kumsema dada.

"Yule ana jiwe kifuani," alisema. "Nimempigia aje, haji. Nimemwekea mama yenu simu sikioni kwa mkono wangu huu. Mama yenu kajikaza, masikini, 'Muulize amekula? Muulize kuna baridi?' Yeye yuko huko anapokea. Kisha mama yenu akasema, 'Mwambie…' Basi."

"Mwambie nini?"

"Mwambie. Akavuta pumzi, hakuitoa tena. Nikaichukua simu nikamwambia dada yako, 'Mama yako amekwenda.' Unajua alinijibu nini? 'Nimepokea.' Nimepokea! Kama kaletewa gunia la mkaa! Na simu sijaikata, namsikia anaendelea kuongea peke yake, radhi yangu unayo, sijui usijitie haraka. Nikasema huyu kachanganyikiwa. Kumbe wapi, kamaliza zamu yake ndiyo akaja."

Nilikaa juu ya nguo za mama. Mama mdogo alidhani ni uchovu wa tangi, akaenda kuniletea maji. Nilikuwa nayarudia mazungumzo yale kutoka mwanzo, nikitafuta mahali mama alipoishia na dada alipoanzia, na nikapaona, pale kwenye "Subiri". Yote niliyokuwa nimeyabeba siku tano kifuani yalikuwa upande wa huku wa neno hilo. Babaangu, na radhi, na msamaha. Mama hakuwa amesema hata moja.

Nilirudi kituoni kwa hasira, siwezi kuficha. Nilitaka kumuuliza amepata wapi haki ya kunichezea. Nilimkuta mezani, amevaa kisikizio upande mmoja, anapangusa kingine kwa pamba na spiriti. Kiti cha pembeni kilikuwa wazi, nikakaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nishuke kumwona uso akiwa kazini bila kioo katikati, na alikuwa amekonda mashavu.

"Umetoka kwa mama mdogo," alisema.

"Mama alisema 'mwambie' tu."

Spika ikalia, mmoja wa wasomi, bata mtupu, mimi sikuambulia kitu ingawa wiki iliyopita nilikuwa bata kama yeye. Dada aliinama kwenye kipaza sauti: "Ziba ya kushoto kwanza. Kisha achia ya pili." Akasubiri jibu. "Nimepokea." Akanigeukia.

"Ndiyo," akasema. "Alisema 'mwambie'."

"Halafu?"

"Halafu nikakwambia."

Hasira yangu yote ilikosa pa kushika. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza alivyotumwa dukani na kuleta kilichotakiwa. Mama hakuwahi kumpa ujumbe akaufikisha nusu, na huo ulikuwa wa mwisho. Nilitaka kumwambia asante. Nililia tu, kichwa juu ya daftari lake la zamu, naye akalisogeza taratibu ili wino usilowe.

Nilipoweza kuongea nilimuuliza jambo ambalo mtu mwenye akili angemuuliza siku ile ile.

"Na wewe, dada? Wewe alikuachia neno gani?"

Alimaliza kukipangusa kile kisikizio, akakivaa, akakiweka vizuri juu ya lile sikio lake dogo.

"Mimi nilikuwa kazini," akasema.